Mbwa Aliyepewa Jina Langu na Kambi ya Karavani Isiyolaza Makarani

Ofisi ya Kutuma Mizigo, ghorofa ya tatu,
Johannesburg, katikati ya mji.
Mwanzoni mwa Desemba, saa ya chakula cha mchana.

Mheshimiwa Mama Célestine,

Kabla ya salamu, naomba ufunge mlango. Kama Patron Emery yupo hapo kwako, amekuja kula bukari, tafadhali iweke barua hii chini ya kitambaa cha meza na uendelee kumpakulia kana kwamba hujapokea kitu. Nakusihi neno hata moja la humu lisimfikie. Lisimfikie pia Mama Murielle wa saluni ya chini, kwa sababu likimfikia yeye litakuwa limewafikia wote wanaosuka nywele upande huu wa mji. Usiisome kwa sauti. Ukishaisoma, ichane, na vipande usivitupe vyote katika pipa moja.

Mimi ni Pitchou Kalenga, karani wenu, yule mwembamba anayeandika majina ya wapokeaji kwenye marobota yanayokwenda Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mwaka jana uliusifu mwandiko wangu. Ninakuandikia wewe kwa kuwa nusu ya ofisi hii ni yako, na kwa kuwa wewe ni dada mkubwa wa Patron. Katika Johannesburg nzima sijaona mtu mwingine anayeweza kumwambia, "Emery, acha upuuzi," na yeye akaacha.

Jambo lenyewe ni dogo. Ninaomba mimi na mbwa wa Patron tutambuliwe rasmi kuwa mtu mmoja. Najua ombi likisemwa hivi ghafla linaweza kukufanya unidhanie vibaya, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu na kwa namba, kama tulivyofundishwa shule. Lakini ujue tangu sasa kwamba jambo hili lisipotengenezwa kabla ya Krismasi nitampoteza mchumba wangu, Arlène, au nitaipoteza kazi hii, na kwa jinsi ninavyojijua, huenda nikapoteza vyote viwili kwa mara moja.

1. Kuhusu karavani. Umeiona uani kwa Patron kule Kensington, kwa hiyo sitakueleza umbo lake. Nitaeleza maana yake. Ni nyumba ndogo yenye magurudumu, ndani ina kitanda, jiko na kabati. Watu wenye nyumba kubwa yenye kitanda, jiko na kabati huiacha kila Desemba, wakaivuta hiyo ndogo mpaka mbali, wakaipanga uwanjani bega kwa bega na za watu wengine waliofanya vivyo hivyo, na hiyo huitwa kupumzika. Sisi kwetu Likasi tulilala wengi katika chumba kimoja miaka yote, na hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa likizoni.

Patron hakuwa na shida na mambo haya mpaka alipohamia mtaa ule. Desemba ya kwanza aliona majirani wote wanaondoka, vichwa vya mbwa vimetoka madirishani, na yeye amebaki peke yake na robot ya kona, ile taa ya magari, inabadilisha rangi bila gari hata moja. Iliniuma hata mimi aliponisimulia. Basi jirani mmoja alipohama nchi alimuuzia karavani yake, na mbwa wawili wakaja nayo kama vile gurudumu la akiba. Ni mbwa wa kuchunga kondoo, weusi wenye vifua vyeupe. Jirani alisema wanahitaji kukimbia. Hakusema huwa wanaacha saa ngapi.

Kwa kuwa walikwisha kula mapazia ya sebuleni na sehemu ya chini ya mlango wa jikoni, sasa wanaletwa kazini. Lifti yetu unaijua, tunapanda ngazi. Na kwa kuwa katikati ya mji hakuna kondoo, wanachunga wateja. Mteja akija kutuma friji kwao, anazungukwa polepole, anaguswa kwa pua nyuma ya magoti, anasogea hatua moja kwa adabu, anasogea nyingine, mpaka anajikuta konani pamoja na wateja wengine, wote wamesimama kimya kama wanangoja sakramenti. Sitaki kuwasingizia: foleni yetu haijawahi kunyooka hivi. Mchana ninatumwa kuwatembeza ili wapunguze nguvu. Nguvu zinazopungua ni zangu. Juzi, kwenye kituo cha teksi, waliwaingiza watu katika teksi ya Soweto ambao hawakuwa na safari ya Soweto, mmoja akiwa na keki ya harusi. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Msimamizi wa foleni aliniuliza kama hawa mabwana wanapatikana Jumamosi.

2. Kuhusu jina. Mbwa hawa walikuja na majina ya Kiingereza, mojawapo lilikuwa la biskuti. Patron akasema hakuna kiumbe kitakacholala katika uwanja wake kikiitwa biskuti. Kwetu jina hutoka kwa mtu. Akatuita wafanyakazi wote, akanunua Fanta, akamshika yule dume kichwani, akasema, "Huyu ni Pitchou. Kwa sababu ya bidii." Jike akampa jina la Mama Murielle. Mama Murielle alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajibu mbele yetu sote, "Patron, mimi hunilipi mshahara. Huyo mtoto wako atajilea mwenyewe," akarudi kwenye vichwa vyake vya watu. Mimi ninalipwa mshahara. Nikasema asante.

Wewe Mama unajua kuliko mimi kwamba ndoyi si mchezo. Anayebeba jina lako ni wewe. Mama yake akikuona barabarani anakuita mwanangu. Mwaka Mpya unampelekea nguo. Akipasua kioo cha watu, wewe ndiye unayetazamwa kwanza. Nilimnunulia taulo. Nilidhani taulo itamaliza. Wapi. Tangu siku hiyo kila jambo la mbwa huyu linapitia mezani kwangu. Alipokula kiatu cha Mchungaji, niliitwa mimi kuomba radhi. Niliomba, na Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akaniombea niache tabia hiyo. Alipochomwa sindano ya chanjo, Patron alinitazama mimi usoni kuona kama imeuma. Hata Naseeb, mlinzi wa mlangoni, kijana wa Tanga ambaye kwa dini yake hataki ulimi wa mbwa umguse, husimama mbali na ngazi kila asubuhi na kuniuliza, "Somo yako kaamkaje?" Kwao somo ndiyo ndoyi. Najibu kwamba kaamka vizuri. Nitajibu nini?

3. Kuhusu kutafuta kambi. Mwezi uliopita Patron aliniita akaniambia, "Pitchou, wewe umesoma. Nitafutie kambi ya karavani inayokubali mbwa. Tunaondoka siku ofisi ikifungwa, tunarudi baada ya Mwaka Mpya. Na wewe unakuja, utawakimbiza asubuhi na jioni. Ndoyi hamtupi mwenzake." Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, kama ninavyofanya siku zote.

Nikaanza kupiga simu. Nimegundua kwamba nchi hii imejaa kambi zinazopenda mbwa, ila kila moja inapenda mbwa ambaye hayupo. Moja, upande wa milimani, ilisema mbwa wanakaribishwa ilimradi wanabebeka mkononi. Nilipomweleza Patron nilidhani tumeshindwa. Yeye akasema, "Mbebe tuone." Nikambeba Pitchou koridoni kwenda na kurudi, wateja wakitazama kutoka konani. Uzito wake ni wa mfuko mkubwa wa unga, tofauti ni kwamba unga haukulambi masikio. Mpaka leo bega langu la kulia halipandi sawasawa, ndiyo maana mistari ya barua hii imeinama. Naomba radhi kwa hilo.

Kambi nyingine, ya pwani, inapokea mbwa wa ukubwa wowote, ila wawe watulivu, na ilitaka barua ya tabia kutoka kwa mtu anayewafahamu. Mtu huyo ni mimi. Nilihangaika sana na barua ile, kwa kuwa uongo siuwezi na ukweli ulikuwa hauandikiki. Mwishowe niliandika kwamba Pitchou na Murielle ni wachapakazi, hawana ulevi, hawachelewi, wanawapenda watu hasa wakiwa wamekusanywa mahali pamoja, na kwamba kosa lao ni moja tu, hawana ajira. Kambi ilijibu kwa upole kwamba inawatakia mafanikio kwingineko. Jibu lilianza kwa "Ndugu Pitchou". Nililisoma mara nyingi, Mama. Lilinifadhaisha kana kwamba ni mimi niliyenyimwa.

4. Kuhusu kambi iliyokubali. Iko kando ya bwawa, si mbali sana na hapa. Mwenye kambi ni mama mmoja mwenye kofia pana, naye alitaka kwanza kuwaona mbwa kwa macho. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi nimekaa kiti cha nyuma katikati ya hao wawili, bado nina suti.

Mlango ulipofunguliwa hawakukimbia ovyo kama nilivyoogopa. Walisimama, wakautazama uwanja ule wenye watu wametapakaa kila mahali na viti vyao vya kukunja, na niliona machoni mwao kwamba wamefika nchi ya ahadi. Walianza na wazee waliokuwa wanachoma nyama. Wakafuata watoto, halafu bwana mmoja aliyekuwa anatoka bafuni na taulo kiunoni. Kabla nyama haijageuzwa upande wa pili, kambi nzima ilikuwa imekusanyika kando ya bomba la maji, imebanana vizuri, wengine wanapeana mikono kwa kuwa walikuwa wamekaa majirani wiki nzima bila kujuana. Bwana mwenye taulo alisema "Eish," basi. Mimi nilikuwa juu ya meza ya saruji. Nilipanda kwa hiari yangu.

Nilijua tutafukuzwa. Badala yake mama mwenye kofia akapiga makofi. Alisema mwaka uliopita kuna mtoto alipotea hapo na wakamtafuta mpaka sauti zikawakauka. Mbwa kama hawa ni zawadi, waje, wakae watakavyo. Kisha akaniona mimi juu ya meza, akamuuliza Patron huyu ni nani. Patron akasema, "Ni mfanyakazi wangu." Mama akasema pole sana, kanuni ya kambi ni kwamba wafanyakazi wa wageni wanaingia mchana na kutoka jua likizama. Hawalali ndani. Mbwa wanalala. Patron akafikiri kidogo, akasema, "Hakuna shida, Pitchou huyu atalala kwenye gari, nje ya geti."

Sina ugomvi na kanuni za watu. Ninalinganisha tu. Pitchou mwenye miguu minne amepewa kivuli, mkeka na bakuli la maji, na jina lake limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kukaribisha wageni. Karatasi yake ya chanjo iligongwa muhuri siku ileile, na aliyeigonga alimkuna kidevu. Mimi pia nina karatasi yangu ya kukaa nchi hii katika ofisi fulani, ambayo sitaji jina lake kwa sababu ninapenda kuendelea kuishi. Kila nikienda naambiwa nirudi. Pitchou hajawahi kuambiwa arudi, na mimi sijawahi kukunwa kidevu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba kati ya sisi wawili wenye jina hili, mmoja ana makaratasi mazuri, na kwamba kwa desturi ya kwetu makaratasi hayo ni yangu pia.

5. Kuhusu Arlène. Yeye anauza vitenge katika duka dogo hapo Kensington, na Jumamosi inayofuata Krismasi ndiyo siku ya présentation yangu kwao. Baba yake, Papa Gustave, yule fundi cherehani mwenye miwani minene, amekubali kunipokea pamoja na wakubwa wangu, tukae, tuseme tumekuja kwa nia gani. Ilikuwa iwe mwezi wa kumi. Nikaugua tumbo siku hiyohiyo, kwa woga, mpaka wakaniletea uji. Papa Gustave amesema ameahirisha mara moja kwa ajili ya tumbo langu na hataahirisha tena. Nisipotokea, binti yake ana watu wengine wanaouliza habari zake, wenye matumbo mazuri.

Wazazi wangu wako Likasi. Aliyekubali kuketi mahali pa baba yangu ni Patron Emery mwenyewe. Alinipiga begani, akasema, "Nitakuozesha kama mwanangu wa kumzaa." Halafu akanunua karavani, akasahau. Kwa hiyo tukienda kambini, siku ile Papa Gustave atavaa koti, ataketi kitini mbele ya soda, na hatakuja bwana harusi wala baba wa bwana harusi.

Utaniuliza kwa nini nisimkumbushe Patron. Nimemkumbusha, Mama, mpaka mlangoni kwake. Mara ya kwanza aliinua macho akasema, "Nini?" nikasema robot ya kona ya ofisi imeharibika. Ilikuwa nzima. Mara ya pili nilijikaza kabisa, nikafungua mdomo, na hapo nikahisi pua nyuma ya goti. Nilipopata akili nilikuwa konani na mteja wa Kolwezi, naye akanisogezea nafasi. Arlène anasema mwanamume asiyeweza kumwambia bosi wake hapana, siku ya kanisani atamwambiaje yeye ndiyo na aaminiwe? Arlène naye ninamwogopa, ingawa kwa namna nzuri.

6. Kuhusu ombi. Sasa unaona mwenyewe kwamba njia imebaki moja. Kama ndoyi ni mtu mmoja, na wakubwa wetu wote wanasema ndivyo, basi amri ya Patron kwamba niende kambini inatimia ndoyi wangu akienda. Atakwenda yule mwenye jina ubaoni. Atakachokula nitakuwa nimekula, atakapopumzika nitakuwa nimepumzika, na Januari nitarudi kazini nikiwa nimenenepa kidogo. Mimi mwingine nitakuwa kwa Papa Gustave, nimekaa kwenye kiti.

Patron akisema anamtaka hasa mwenye miguu miwili, sitabishana naye. Hapo naomba uiandikie kambi, kwa muhuri wa ofisi, niorodheshwe kuwa mbwa wa tatu. Nina chanjo ya homa ya manjano. Nimetulia kuliko hao wawili, na barua ya tabia naweza kujiandikia. Sitabweka. Nikifungwa kamba sitalalamika, ilimradi ifike kivulini.

Lakini nikiwa kule na kamba yangu, Jumamosi ya Papa Gustave inabaki wazi, na Pitchou anasubiriwa. Basi aende Pitchou yule mwingine. Nimelitafakari sana jambo hili na sioni nitakachomshinda. Tai yangu inamtosha akikaa wima. Hazungumzi ovyo; mimi nikiogopa huzungumza kuhusu ushuru wa forodha. Akipewa chakula anamaliza sahani, jambo ambalo akina mama wakwe hulitazama sana. Familia ya Arlène ni kubwa, hutawanyika jikoni, uani na barabarani mpaka mazungumzo hayaanzi. Yeye ataikusanya sebuleni yote, hata wajomba wanaovuta sigara nje. Na kwa kuwa Patron atakuwa kambini na mimi, mbwa atakosa mkubwa wa kumsemea. Ndipo ninapokuomba wewe, Mama, uwe shangazi yake kwa siku hiyo. Ukiulizwa kijana anafanya kazi gani, sema yuko kwenye mizigo. Ukiulizwa kwao ni watu wa namna gani, sema ni wachungaji tangu zamani, na hautakuwa umesema uongo.

Suala la nani kati yetu atafunga ndoa na Arlène baadaye naliachia busara yako, ila nina maoni.

Kwa kifupi, naomba tuandikwe ofisini, kambini na kwa Papa Gustave kuwa Pitchou mmoja mwenye miguu sita, na popote tunapohitajika iende ile inayofaa.

Nisalimie watoto wote wa nyumba, na akina mama wa kwaya, na yule jirani anayekuletea majani ya sombe. Nisalimie hata paka wako. Namheshimu sana kwa kuwa hajawahi kunihusisha na jambo lolote.

Ni mimi karani wako, mwenye hofu lakini mwenye akili timamu,

Pitchou Kalenga
(yule wa miguu miwili)

Nyongeza. Mama, nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha Patron alipoingia. Akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Papa Gustave kanipigia sasa hivi, ananiuliza Jumamosi ile nakunywa bia au chai. Wewe mtoto, mbona hukunikumbusha?" Nikaikalia bahasha. Akasema karavani itangoja Pasaka. Siku hiyo yeye ni baba yangu na atavaa koti lake la Lubumbashi. Mbwa tutawapeleka kwa watu fulani wa Kensington wanaolea mbwa wakati wa sikukuu, kila mmoja na chumba chake, mpaka shughuli iishe.

Yaani nimepata kila nilichokuwa nakililia hata kabla hujafungua barua. Nilipaswa kusema asante. Badala yake nikasikia mtu anasema, "Hapana, Patron." Nikageuka kumtafuta. Wateja walikuwa konani, wote midomo imefumbwa.

Kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikaendelea. Nikamwambia kwamba Pitchou hali chakula kikiwekwa karibu na mlango. Nikamwambia hapati usingizi mpaka ahakikishe watu wote wa nyumba wako chumba kimoja, na ukimfungia peke yake katika chumba chake ni kumfukuza kazi. Nikamwambia, na hili nakuomba ulifiche kuliko mengine yote, kwamba Papa Gustave atakaponitazama kwa ile miwani aniulize mimi ni nani, nataka awepo karibu na goti langu mtu asiyemwogopa. Patron akasema, "Basi utamwogesha wewe. Na usije ukamwambia dada yangu kwamba nilisahau. Ataniua." Nimemwahidi.

Kwa hiyo tafadhali puuza hoja zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, na usijue lolote. Hasa usituandike kuwa mtu mmoja. Siku ile ni lazima tuwe wawili, kwa sababu mmoja wetu atakuwa anaogopa.

Limebaki jambo moja, ndiyo maana barua ninaituma. Mama yake Arlène bado hajui kwamba mbwa anakuja. Mnasali pamoja, ukiona wakati mzuri, mdokezee. Akikupa jibu, usipige simu ya ofisi. Piga ya Naseeb pale mlangoni, baada ya swala ya adhuhuri, ujitaje kuwa mteja mwenye friji ya Likasi. Naseeb hapandi ngazi, atatuita kwa filimbi kutoka chini. Atakayefika kwanza kwenye simu si mimi. Mwache abweke kidogo, usikate. Mimi nitakuwa ninashuka nyuma yake.